Nyumba Iliyovalishwa Buibui

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa buluu, na haukumuunguza mtu. Lakini uliwakimbiza mafundi wote mpaka barabara ya Pangani, na aliyewaongoza, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwenye mtaro wa msingi, alikuwa fundi mkuu Ernesti, Mbondei wa Muheza, mwanamume wa kifua, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amejigamba kwamba duniani haogopi kitu ila mke wake.

Kisa kilikuwa sigara. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro ukajaa maji, na yale maji yakawa yanatoa mapovu kama uji ulio jikoni. Ernesti akainama kuyatazama, akawasha kiberiti ili avute huku anafikiri. Mwali ukaruka juu ya maji, ukacheza kidogo, ukazimika. Kufikiri kukaishia hapo.

Bi Turkiya, mwenye kiwanja, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake, mwavuli mkononi, akiwasimamia. Yeye hakukimbia. Magoti hayakumruhusu, na baadaye watu walipomsifu kwa ushujaa hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Kiwanja kile kiko upande wa Kigombe, ukishaipita Tongoni, pembeni ya lililokuwa shamba la mkonge. Zamani palikuwa na korona pale. Si ile korona ya kupiga chafya, la. Ni mashine ya kuchambulia mkonge, ndivyo watu wa mashambani wanavyoiita. Korona ilikula majani, nyuzi zikaenda melini, na makapi mabichi yakamwagwa bondeni mwaka hadi mwaka. Shamba lilipokufa, bonde likafukiwa kwa udongo, udongo ukaota majani, na baba mkwe wa Bi Turkiya akakinunua kile kipande akijisifu kwamba amepata ardhi tambarare. Ilikuwa tambarare kwa sababu ilikuwa jalala.

Bi Turkiya aliishi ng'ambo ya barabara, kwenye ardhi ngumu, katika nyumba ya udongo iliyokwisha kuinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Aliishi na wifi yake, Bi Ghadir, dada wa marehemu mumewe. Wawili hao walikuwa wakibishana tangu siku Bi Turkiya alipoletwa bibi harusi, na kama siku moja wangekosa la kubishania, mmoja wao angeumwa.

"Nilisema miye," akasema Bi Ghadir moto ulipozimika. "Pale pana jini."

"Pale pana makapi ya mkonge, wifi."

"Na jini anakaa wapi basi, hotelini?"

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Ya Rasha hayakuchekesha. Rasha ni binti pekee wa Bi Turkiya. Alikuwa amepanga vyumba Usagara, mjini Tanga, na wanawe pacha, Himyar na Luay, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanatambaa. Mumewe yuko kazini Maskati. Nyumba hii mpya ilikuwa inajengwa kwa ajili yao. Bi Turkiya hakuwa na haja ya vyumba vinne kwa mwili wake mmoja. Alitaka kuamka na kusikia watoto wanalia. Sasa Rasha alipopata habari za moto, alikuja siku hiyo hiyo, akasimama kando ya mtaro, akautazama.

"Mama," akasema, "miye silazi wanangu juu ya ardhi inayowaka."

"Haiwaki, imechezacheza tu."

"Niletee injinia aniambie kwa kinywa chake kwamba pana salama, nitahamia hata rangi haijakauka. La sivyo, nakwenda Dar kwa mama mkwe. Ameshatutengea chumba."

Mama mkwe huyo wa Dar anakaa kwenye ghorofa lenye lifti, na kila akipiga simu huitaja ile lifti kabla ya salamu. Bi Turkiya alijiona tayari akiwapungia mkono wajukuu stendi ya basi. Usiku huo alisukuma sahani pembeni, na mtu akisikia kwamba Bi Turkiya ameacha wali wa nazi na samaki wa kupaka, ajue jambo ni zito.

Injinia aliyepatikana ni binti wa Kishambaa kutoka Lushoto, jina lake Ruthi, mwembamba, buti kubwa kuliko yeye, anayeimba kwaya ya Kilutheri Jumapili na kupima ardhi siku nyingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye injinia, au umemtangulia kumwekea kiti?"

"Ndiye mimi, bibi. Kiti nitakaa mwenyewe."

Bi Turkiya akampenda hapo hapo.

Ruthi alitoboa ardhi sehemu mbalimbali, akasimamisha mabomba membamba yenye vifuniko, akawa anakuja na kifaa chake kinacholia kama kifaranga, anapima, anaandika, anaondoka. Alipima siku za jua na siku za mawingu mazito, kwa sababu, alisema, hewa ya juu ikilegea ya chini hupanda. Majuma yakapita. Bi Ghadir alikuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya barabara.

"Anamtafuta nani na hicho kifaranga?"

"Gesi, wifi."

"Gesi, gesi! Jini akishasomeshwa ndiyo anaitwa gesi."

Siku ya majibu walikaa barazani wote: Bi Turkiya, Bi Ghadir, Rasha na wanawe, na Ernesti aliyekuwa amerudi na viatu vyote viwili. Ruthi akawaeleza bila kupaka sukari. Makapi yanaoza huko chini pasipo hewa, na yanatoa gesi, ile ile ambayo watu wanaitoa kwenye mavi ya ng'ombe wakapikia. Ikitoka uwanjani haina neno, inapeperuka. Hatari ni pale inapopanda chini ya nyumba, ikapenya kwenye ufa wa sakafu au pembeni ya bomba, ikajikusanya chumbani. Hapo kiberiti kimoja kinatosha.

"Na inakuja na mwenzake," Ruthi akasema. "Huyo hawaki wala hanuki, ila ni mzito. Analala chini na kumkosesha mtu pumzi."

"Chini wapi?" Bi Turkiya akauliza.

"Sakafuni, bibi."

Bi Turkiya akamtazama Luay, ambaye wakati huo alikuwa sakafuni, kifudifudi, analamba mkeka. Rasha naye alimtazama. Kisha mama na binti wakatazamana, na Bi Turkiya akaiona ile lifti ya Dar inafungua mlango.

"Lakini," Ruthi akaendelea, na lile lakini lilikuwa tamu kama maji ya dafu, "iliyopo si nyingi. Nyumba inajengeka. Tunaweka kokoto chini na mabomba yenye matundu, gesi ipate njia ya kutokea nje. Juu yake tunatandika utando, nyumba nzima, ukuta hadi ukuta. Ndiyo juu yake zege. Kazi iliyobaki ni kuchagua utando gani."

Akatoa vipande vitatu mkobani, akavipanga juu ya meza. Hapo Bi Turkiya akasogeza kiti. Alikuwa ameuza nguo Ngamiani tangu ujanani hadi macho yalipomchosha, na vidole vyake vilikuwa havijastaafu.

Cha kwanza kilikuwa cheusi, chepesi. Ernesti akakidaka. "Hii nailoni naijua, bi mkubwa. Ndiyo tunayoweka kila nyumba."

"Mnaweka kuzuia unyevu," Ruthi akasema. "Gesi inaipita taratibu. Na ukiikanyagia kokoto inachanika."

Bi Turkiya akaifinya kwa vidole viwili. "Bafta tu, nguo ya bei rahisi," akasema, akaisukuma pembeni.

Cha pili kilikuwa na fedha inayong'aa katikati, kama karatasi ya chokoleti. Rasha akakipenda mara moja. "Hiki ndicho. Mama, si unaona chenyewe?"

"Kwa kuzuia gesi, huo ndio unaoshinda yote ukipimwa maabara," Ruthi akakubali.

"Basi si tumemaliza?"

"Sakafu yenu si maabara, dada. Huu unaunganishwa kwa tepu, na tepu haipendi vumbi wala jasho, vitu ambavyo hapa tunavyo vyote viwili. Ukikunjwa vibaya unakatika kwa ndani. Na chumvi hii ya pwani ikipata mkwaruzo, inaila ile fedha pole pole."

Bi Turkiya akakichukua, akakifumbata ngumini, akakifungua. Mikunjo ikabaki imejichora kila upande.

"Nguo ya bibi harusi," akasema. "Unaivaa mara moja, na usikae."

Cha tatu kilikuwa kizito, kijivu, hakina uzuri wowote. Kina tabaka la kuzuia gesi katikati na plastiki ngumu huku na huku, Ruthi akaeleza, na vipande vyake haviungwi kwa tepu. Vinachomwa kwa hewa ya moto mpaka viwili vinakuwa kimoja. Kinapitisha kidogo sana, zaidi kidogo tu ya kile cha fedha, na kwa gesi iliyopimwa hapa kinatosha na kubaki. Tena kinavumilia buti.

"Mimi sichagui unaoshinda maabara," akasema. "Nachagua ambao utakuwa bado mzima siku zege likishamwagwa juu yake. Maana siku hiyo hatutauona tena."

Bi Turkiya akakivuta, akakisugua, akajaribu kukitoboa kwa ukucha, akakinusa, maana nguo nzuri hunuswa. "Melikani," akasema. "Nguo ya kazi. Haina mapambo, ila unazaa nayo na kulea nayo. Tuvalishe hii."

"Mnaivalisha nyumba buibui sasa?" Bi Ghadir akauliza.

"Ndiyo, wifi. Na imesitirika kuanzia nyayo, si kama wengine niwajuao."

Rasha akacheka, na kwa Bi Turkiya kicheko kile kilikuwa kama amana ya kwanza. "Nitakuja siku ya zege," akasema binti. "Akisema mwenyewe injinia kwamba pako sawa, nafunga mizigo. Ama huku, ama kule."

Kazi ikaanza. Kokoto zikamwagwa, mabomba yakalazwa, utando ukaja kwa marobota kutoka bandarini. Ernesti alifundishwa kutumia mashine ya hewa ya moto, akafanya mazoezi kwenye vipande vya kutupa, akaunguza kadhaa na kidole kimoja, mpaka Ruthi alipovuta muungo kwa nguvu zake zote usiachie. Palipopita bomba, la maji au la choo, palivalishwa kipande maalumu kilichotengenezwa kiwandani: chini kipana, juu chembamba, kikalikumbatia bomba pande zote. Walikiita kofia.

Na hapa ndipo penye jambo dogo. Alhamisi, mafundi walipokuwa wanakula, Bi Turkiya alizunguka kuangalia mali yake, akakuta kofia moja imelala peke yake juu ya gunia tupu. Akaitazama. Mdomo mpana, shingo nyembamba. Kule dukani miaka yote, kipande kinachobaki mwisho wa jora kilikuwa chake mwenye duka. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyejibu. Akaitia ndani ya khanga, akavuka barabara, akaichomeka kwenye tundu la pipa lake la maji. Faneli safi kabisa. Toka siku hiyo aliacha kujimwagia ndoo miguuni, na akaona dunia imemfanyia wema kidogo.

Bi Ghadir naye alikuwa na lake. Nyumba ya ukoo haijawahi kujengwa bila kuzindikwa: misumari minne mirefu ya chuma, kona nne, na Ayatul Kursiy ikisomwa. Alimfuata Ruthi mwenyewe.

"Binti, lini nitapata nafasi ya kupigilia misumari yangu?"

Ruthi alitamani kucheka, akaona si mahali pake. "Bibi, soma dua zote unazozijua, nitaitikia amina na mimi kwa njia ya kwetu. Ila msumari juu ya utando, nakuomba sana. Tundu moja tu, kazi yote imekwenda na maji."

"Nimesikia," akasema Bi Ghadir. Na Bi Turkiya, aliyemjua wifi yake, alijua kwamba kusikia kwa Bi Ghadir ni jambo moja na kukubali ni jingine.

Ijumaa Ruthi alikuwa mjini. Miungo yote ameshaikagua Alhamisi kwa kidole na kwa ndoano, akaridhika. Limebaki bomba la choo tu, ambalo Ernesti angelimalizia, kisha atandike juu yake kitambaa kinene cha kuukinga utando, na Jumamosi zege limwagwe. Mchana wanaume wakaenda msikitini Kigombe, na Ernesti, ambaye hana Ijumaa, akaenda kwa mama lishe. Bi Turkiya akajinyoosha kidogo. Alipoamka, akamwona Bi Ghadir anavuka barabara, nyundo mkononi, vumbi magotini, karatasi ya misumari imekunjwakunjwa na haina kitu.

"Wifi! Umetoka wapi?"

"Nimemaliza. Kona zote nne."

"Kona zipi?"

"Weye kona unazijua ngapi?" Bi Ghadir akaingia ndani kuswali, na akiwa kwenye msala wake hata nyumba ikiungua hajibu mtu.

Bi Turkiya akavuka barabara kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yamemruhusu siku ya moto. Kitambaa kimeshatandikwa, kizito kuliko mikono yake na kinene cha kumeza hata kichwa cha msumari. Lakini kwenye kila kona ya nyumba, juu ya vumbi, palikuwa na alama za ndara za Bi Ghadir, zimesimama, zimegeuka, zimekwenda kona inayofuata.

Akakaa juu ya tofali.

Kama angenyamaza, kesho zege lingemwagwa, Ruthi angesema pako sawa, Rasha angefunga mizigo. Hakuna ambaye angejua. Kama angesema, zege lingesimamishwa, pengine utando wote ungeng'olewa, na Rasha, ambaye alikuwa anatafuta sababu moja tu, angeipata. Bi Turkiya alikuwa mtu wa kuficha vitu vidogo vidogo, na alivificha kwa raha. Akajaribu kukipima hiki kama kinaweza kuingia kwenye hesabu ya vitu vidogo. Akilini akamwona Luay kifudifudi, analamba sakafu.

Akatoa simu.

"Ruthi mwanangu. Wifi yangu ameizindika nyumba."

"Kwa misumari?"

"Kwa misumari."

Ruthi akavuta pumzi ndefu. "Ahsante kwa kuniambia, bibi. Kwa macho peke yake siamini, hata tukifunua kitambaa; tundu la msumari hujifumba. Inabidi tusukume moshi chini ya utando, tuone unapotokea. Ila mashine iko Dar."

"Moshi wa namna gani?"

"Moshi baridi, mweupe, usio na moto."

"Kama ule anaoingilia bibi harusi ukumbini?"

"Ndio huo huo, bibi."

"Basi tulia," akasema Bi Turkiya. "Hafsa wa mapambo pale Usagara namdai fadhila tangu ndoa yake ya kwanza."

Kwa hiyo Jumamosi, watu waliokuja kuona zege walikuta mashine ya harusi imewekwa mbali kwenye kiwanja, imeunganishwa na mpira mrefu unaoingia kwenye bomba la kutolea gesi. Ruthi kwanza alipuliza feni, akapima kwa kifaranga chake mpaka kikanyamaza, ndipo akaruhusu. Kitambaa kikakunjwa kwenye kona zote nne. Hafsa mwenyewe aliibonyeza swichi, na kwa mazoea ya kazi akapiga kigelegele.

"Siyo leo, Hafsa," akasema Bi Turkiya.

Rasha alisimama na pacha wake, mmoja kila nyonga, uso haukuonyesha kitu. Alikuwa ameambiwa kila jambo, maana Bi Turkiya aliona akishaanza kusema kweli amalizie. Bi Ghadir alikuwa bado hajavuka barabara; anachagua khanga.

Moshi ukaingia. Utando ukajaa kidogo, ukainuka kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ruthi akainama kwenye kona ya kwanza, Ernesti ya pili. Bi Turkiya alifumba macho, akafumbua moja.

"Hamna kitu," Ruthi akasema.

"Hata huku," akasema Ernesti.

Wakahamia kona nyingine, na nyingine. Hakuna. Utando mzima, hauna hata mchubuko. Mdomo wa Bi Turkiya ulikuwa umeshafunguka kusema alhamdulillahi, ndipo Himyar aliponyoosha kidole, akacheka. Pale katikati, chini ya bomba la choo, uzi mwembamba mweupe ulikuwa unapanda, umejinyonga kama moshi wa ubani.

Ruthi akachuchumaa. Akafunua kitambaa. Bomba la choo halikuwa na kofia. Lilikuwa limezungushiwa tepu nyingi, moja juu ya nyingine, kama kidonda cha mtoto.

"Ernesti," akasema Ruthi, sauti ndogo, na ile sauti ndogo ilitisha kuliko mayowe.

Ernesti akavua kofia yake ya kichwani. "Injinia, moja ilipotea. Niliiweka juu ya gunia, nilipotoka kula sikuiona. Nikajua nimeipoteza mwenyewe. Nikaona haya kusema. Nikajiambia, bomba moja tu, tepu itashika."

"Ungeniambia, ningekuletea nyingine jioni ile ile. Na mimi ningepuliza moshi tangu mwanzo, nisingoje kuambiwa." Akafuta jasho. "Gunia gani?"

"Lile pale."

Bi Turkiya akalitazama gunia. Akawa ameshughulika ghafla na pindo la mtandio wake.

"Inafananaje hiyo kofia iliyopotea?" Ilikuwa sauti ya Bi Ghadir, aliyekuwa amefika sasa hivi, khanga mpya, mwendo wa mgeni rasmi.

"Mdomo mpana, bibi," Ernesti akasema. "Shingo nyembamba."

"Aaa," akasema Bi Ghadir. Akaiacha ile aaa ikae kidogo hewani, aifaidi. "Kama faneli mpya ya wifi yangu, pale kwenye pipa la maji?"

Hata Hafsa alizima mashine.

"Mama?" akasema Rasha.

"Nilidhani ni ya ziada," akasema Bi Turkiya.

"Mama!"

"Mwisho wa jora ni wa mwenye duka! Kila mtu anajua!"

"Duka gani hapa, mama? Hapa pana duka?"

Bi Turkiya akaona heri atafute mwenzake wa kulaumiwa. Akamgeukia wifi yake. "Na weye misumari yako umeipigilia wapi? Si ulisema kona nne?"

"Kona nne za kiwanja! Kwenye bikoni za mpaka, nje kule. Jini nimzuie uani, au nimngoje mpaka chumbani? Binti wa watu kanikataza nyumbani, nimesikia. Mimi nikikatazwa kwa adabu nasikia."

"Na hizi nyayo zako kwenye kona za nyumba?"

"Nilikuwa nazunguka nasoma. Kusoma nako kunatoboa?"

Ruthi ndiye aliyeanza. Alijaribu kukibana kicheko, kikamtoka puani, akakaa juu ya kokoto na buti zake. Ernesti akafuata, kwa woga kwanza, kisha kwa mbavu zote. Hafsa akapiga kile kigelegele alichokatazwa. Rasha alikaza uso kadiri alivyoweza. Kisha akamkabidhi Luay kwa bibi yake, akajishika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya machozi yale yalikuwamo ya majuma yote aliyokuwa hana usingizi.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "kama usingempigia injinia jana kumshitaki shangazi..."

"Hata usimalizie," akasema Bi Turkiya.

"Zege lingekuwa limeshamwagwa."

"Nimesema usimalizie, mwanangu. Nimeshaimalizia mwenyewe."

Faneli ikatolewa pipani, ikaoshwa, ikakaushwa, ikakaguliwa na Ruthi kwenye mwanga kana kwamba ni yai la kuangua. Akatikisa kichwa: imechubuliwa na ukingo wa pipa, haifai. Alikuwa na nyingine garini. Ernesti akaivalisha, akaichoma kwa hewa ya moto taratibu kama mtu anayemnyoa mfalme, na Ruthi akasimama juu ya kichwa chake mpaka mwisho. Hafsa akawasha tena. Moshi ukaingia, utando ukashiba, na watu wote wakachuchumaa kulizunguka bomba la choo kwa heshima ambayo bomba la choo halijawahi kupewa.

Haukutoka hata uzi.

Ruthi akasimama, akajipangusa magoti, akamkabili Rasha. "Dada, ulitaka kusikia kwa kinywa changu. Kona kwa kona nimepuliza, bomba kwa bomba. Nyumba hii naiwekea mkono wangu. Kuta zikisimama nitakufungia na king'ora, kikinusa gesi kinalia; sikitegemei, ila usingizi utakuwa mzuri zaidi. Wanangu ningewalaza hapa."

"Unao watoto?"

"Bado. Ila wakija nitawalaza."

Rasha akamtazama mama yake, aliyekuwa amemkumbatia Luay kama mtu aliyekamatia mzigo ndani ya basi. "Haya, bibi wa faneli," akasema. "Nitafute sanduku la kuletea mizigo huku, au unalo la ziada?"

Bi Turkiya alikuwa ameficha uso kwenye shingo ya mtoto, na mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye mwenyewe.

Zege likamwagwa alasiri, na pilau likaliwa juu ya mikeka uwanjani, na Bi Turkiya alikula kwa niaba ya siku zote alizoacha kula.

Walihamia rangi ikiwa bado inanuka. Mama mkwe wa Dar alipopiga simu na kuanza na lifti, Bi Turkiya alimwambia kwa upole kwamba huku nyumba imevaa buibui ndani, tena la kuchaguliwa kwa mkono, na yule wa Dar, asiyejua linahusu nini, akarudi kwenye salamu.

Mchana wa joto, pacha wakishalala, Bi Turkiya hujinyoosha nao pale pale sakafuni, ubavu kwenye zege la baridi. Kabla ya kufumba macho huinamisha pua, ananusa. Anajua kwamba ile mbaya hainuki. Ruthi amemweleza mara nyingi. Hunusa tu. Inanuka simenti, maziwa ya watoto, na udi wa Bi Ghadir.

"Umesikia kitu?" Bi Ghadir huuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hamna."

"Misumari yangu hiyo."

"Ndiyo, wifi," husema Bi Turkiya, na bila kubishana zaidi, husinzia.